Serikali Kuu na Pengo la Shule Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa pale Zanzibar inapotajwa. Yameandikwa kwa ajili ya mzazi, mjumbe wa kamati ya shule, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha wazazi akaambiwa "serikali imeshaleta fedha" bila kuelezwa ni fedha gani na ya kazi gani.

Shule zote za serikali zina mtaala mmoja na mtihani mmoja. Pengo liko wapi?

Liko darasani, na zaidi liko kwenye ofisi ya walimu. Chukua shule mbili za msingi ndani ya halmashauri moja. Ya kwanza iko kando ya lami. Darasa lina watoto tisini, ni kweli, lakini umeme upo, mwalimu wa Hisabati yupo, wa Kiingereza yupo, na jioni wenye uwezo wanabaki kwa masomo ya ziada. Ya pili iko mwisho wa barabara ya vumbi. Ina walimu wanne kwa madarasa saba, ukiacha la awali, na mmoja wao ni mwalimu mkuu ambaye haipiti wiki hajaitwa halmashauri. Akiondoka, madarasa mawili yanakaa kunakili ubaoni kazi aliyoachiwa kiranja. Ikifika mwezi wa tisa, watoto wa shule zote mbili wanakalia mtihani uleule wa darasa la saba.

Zamani swali la usawa lilikuwa nani anaingia shule. Sasa ni nini anakikuta akishaingia. Serikali kuu imefanya kazi kubwa kwenye swali la kwanza. La pili bado inalizungukazunguka, na majibu mengi hapa chini yataishia hapo.

Tofauti za mikoa zilitoka wapi? Ni mkoloni tu?

Kwa sehemu kubwa ni mkoloni, ila hadithi yenyewe ina kona ambazo watu huzisahau. Enzi ya Wajerumani, pwani ndiyo iliyokuwa mbele. Shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga mwaka 1892 ilitoa makarani na maakida, yaani wasimamizi wa maeneo chini ya Wajerumani, waliotumwa hadi bara. Waingereza walipochukua nchi walitegemea zaidi misheni, wakazipa ruzuku shule za wamisionari, na hapo mizani ikageuka. Misheni zilikuwa zimejikita kwenye nyanda za juu zenye kahawa: Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe. Mzazi wa huko alikuwa na fedha ya mazao mkononi na shule karibu na nyumba. Wazazi wengi Waislamu wa pwani na wa miji ya njia za zamani za misafara kama Ujiji waliogopa, na haikuwa hofu ya bure, kwamba mtoto akienda misheni atarudi na jina jingine. Watu hao walikuwa wakisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu tangu enzi na enzi, lakini ujuzi huo haukuhesabiwa pale ofisi ya serikali ilipotafuta karani.

Juu ya hayo kulikuwa na mgawanyo wa rangi ulio wazi kabisa: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Mwalimu Nyerere, alipoeleza mwaka 1967 nchi ilipoanzia, alitaja kwamba mwaka 1961 wanafunzi wote wa sekondari walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita ni 176 tu.

Serikali mpya haikuchelewa. Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa kuanzia 1962. Ada ya sekondari ikaondolewa 1964. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni zilizokuwa zikipokea ruzuku chini ya serikali, ili dini isiwe tena sharti la mtoto kupata dawati. Uamuzi huo uliwaudhi wengi, na hadi leo wapo wanaosema kiwango kilishuka kwa sababu yake. Mimi naona bila hatua ile kuna mikoa ambayo hadi leo ingekuwa ikihesabu wahitimu wake kwa vidole.

Ni kweli kwamba zamani alama za kwenda sekondari hazikuwa sawa kwa mikoa yote?

Ni kweli. Kuanzia miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali ziligawanywa kwa mgawo wa mikoa na wilaya. Nafasi zilikuwa chache mno, kwa hiyo serikali ilikuwa na hiari mbili: kuchukua wenye alama za juu nchi nzima, ambapo mikoa michache ingezoa karibu zote, au kugawa. Ikagawa. Mtoto wa wilaya yenye shule nyingi aliweza kufaulu vizuri na bado akabaki nyumbani, huku mwenzake wa wilaya ya pembezoni mwenye alama za chini akiitwa.

Na akiitwa, alipelekwa mbali. Mtoto wa Kigoma alijikuta Tabora au Iringa, bwenini na watoto wa makabila ambayo hakuwahi kuyasikia. Faida ya mchanganyiko ule haionekani kwenye jedwali lolote la NECTA, Baraza la Mitihani, lakini kizazi kilichosoma hivyo kinaijua.

Upande wa pili wa mgawo nao usifichwe. Wazazi wa Kilimanjaro, kwa mfano, hawakukaa kimya. Walichanga, makanisa yakasaidia, wakajenga sekondari zao wenyewe. Serikali ikalegeza kamba, na mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari zisizo za serikali zilikuwa zimezipita za serikali kwa idadi. Hivyo sera iliyolenga kupunguza pengo ilichochea, bila kukusudia, shule mpya palepale ambapo tayari zilikuwa nyingi. Usawa wa kugawa upungufu una mwisho wake. Mwenye uwezo atatafuta mlango mwingine.

Kama ada zilifutwa zamani, kwa nini wazazi wetu wanakumbuka kulipa?

Kwa sababu zilirudi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 1973, Azimio la Musoma la 1974 likaweka lengo la kila mtoto kuwa shuleni ifikapo Novemba 1977, na kampeni ya UPE, ya elimu ya msingi kwa wote, ikajaza madarasa. Kisha ukaja uchumi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980: vita ya Kagera, bei ya mafuta, foleni za sukari, masharti ya wakopeshaji. Katikati ya muongo huo ada na michango vikarejea, na uandikishaji ukaporomoka. Watoto wa kwanza kutolewa shuleni walikuwa wa maskini, na nyumba nyingi zilianza na wasichana.

MMEM na shule za kata zilibadilisha nini?

Zilibadilisha kila kitu kuhusu kuingia, na zikafichua kila kitu kuhusu kilichomo ndani.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa 2002 hadi 2006 ulianza sambamba na kufutwa tena kwa ada ya msingi. Wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Hao wote wangeenda wapi wakimaliza darasa la saba? Ndipo ukaja mpango wa sekondari, MMES, ulioanza 2004, na kuanzia 2006 msukumo wa Waziri Mkuu Edward Lowassa wa kila kata kuwa na sekondari yake. Wanavijiji walisomba mawe na mchanga, serikali ikaleta mabati na saruji. Sekondari zilikuwa karibu 1,300 mwaka 2004. Kufikia 2009 zilizidi 4,000.

Fikiria maana yake. Nchi iliyotumia zaidi ya miaka arobaini kujenga sekondari elfu moja na kitu iliongeza mara mbili ya hizo ndani ya miaka mitano. Majengo yaliwezekana. Walimu hawafyatuliwi kama tofali. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingizwa madarasani, wananchi wakawabatiza "vodafasta". Shule nyingi zilikaa miaka bila mwalimu hata mmoja wa Fizikia, maabara zikiwa chumba chenye meza na mlango uliofungwa.

Bili ilikuja Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa. Takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Kelele zilikuwa kubwa hadi serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Wengi walilaumu watoto kwa simu na muziki. Ukiangalia sifuri zilikolala, zilikuwa nyingi kwenye shule za kata, shule zilizojengwa kwa ajili ya watoto ambao awali hawakuwa na pa kwenda.

Hata hivyo sikubaliani na wanaoziita shule za kata kosa. Kuna wauguzi, walimu na maafisa kilimo nchi nzima ambao bila shule ya kata wangeishia darasa la saba. Kosa lilikuwa kuhesabu shule kwa kuhesabu mapaa.

"Elimu bila malipo" inalipia nini hasa?

Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa. Kila mwezi serikali kuu inapeleka shuleni fedha za mafungu haya:

Ruzuku ya uendeshaji, ambayo walimu wengi huiita kapitesheni. Ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, lakini si yote inayofika shuleni. Kwa msingi, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia shule. Kwa sekondari hugawanywa nusu kwa nusu.

Fidia ya ada kwa sekondari, yaani ile 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni ambayo mzazi alikuwa akilipa.

Chakula cha wanafunzi wa bweni, kilichopangiwa shilingi 1,500 kwa mtoto kwa siku.

Posho ya madaraka: 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa msingi, 250,000 kwa mkuu wa sekondari na kwa afisa elimu kata.

Badiliko kubwa hapa, pengine kubwa kuliko kiasi chenyewe, ni njia ya fedha. Kabla ya 2016 ruzuku ilipitia halmashauri, na ilikuwa kawaida shule kupokea sehemu tu, tena kwa kuchelewa, bila kujua iliyobaki ilikwama wapi. Tangu 2016 inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Serikali kuu iliiruka halmashauri. Nadhani ilikuwa sawa kufanya hivyo, ingawa wapenda ugatuaji hawatanipenda.

Basi kwa nini bado nachangishwa?

Kwa sababu bure haikuwahi kuwa bure yote. Waraka Namba 3 wa 2016 ulifafanua kwamba mzazi bado ana sare, madaftari, kalamu, matibabu, nauli, na chakula cha mtoto wa kutwa. Januari 2018 Rais Magufuli alikataza michango shuleni. Walimu wakaambiwa wasiguse fedha ya mzazi, na anayetaka kuchangia apitie kwa mkurugenzi. Ugali wa mchana ukakoma kwenye shule nyingi wiki ileile, maana ulikuwa unatoka kwenye hiyo michango. Baadaye chakula kikarudi kwa makubaliano ya wazazi, safari hii kwa mihtasari ya vikao na saini.

Uliza mambo mawili kabla ya kutoa: kikao gani kiliamua, na kibali kiko wapi. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango ni marufuku, hata kama kikao kilipitisha.

Sasa mahali ambapo pengo linajificha ni hapa. Wazazi wa mjini wakikubaliana kuchangia uji, mlinzi na mwalimu wa kujitolea, wanatoa na shule inasonga. Kijijini wanakubaliana vilevile, kwa moyo uleule, na wanatoa debe la mahindi baada ya mavuno kama mvua ilinyesha.

Kila mtoto anapata ruzuku sawa. Si ndiyo usawa wenyewe?

Hili ndilo swali ninalotaka kila diwani aliulize, kwa hiyo tupige hesabu.

Shule ya mjini yenye watoto 1,200 inapata 6,000 mara 1,200, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Ni 600,000 kwa mwezi. Shule ya kawaida ya watoto 400 inapata 200,000 kwa mwezi, sawasawa na posho ya madaraka ya mwalimu wake mkuu. Shule ndogo ya kitongoji yenye watoto 90 inapata 45,000 kwa mwezi. Kwa hiyo 45,000 mwalimu mkuu anunue chaki, rimu za karatasi za mitihani, akarabati bawaba za mlango, na bado kuna nauli ya kupeleka taarifa halmashauri. Mahali ambapo bodaboda ya kwenda na kurudi ni 20,000, safari mbili tu zinakaribia kuimaliza.

Gharama nyingi za shule hazifuati idadi ya watoto. Paa linalovuja linavuja sawa, wawe 90 au 900. Mgao kwa kichwa ni rahisi kukokotoa, ni mgumu kuuchezea, na hauna upendeleo wa mikoa, na ndiyo maana Hazina inaupenda. Lakini unaichukulia shule ya Kariakoo na ya bonde la Rukwa kana kwamba zinaanzia mstari mmoja. Ule mgawo wa zamani wa mikoa, pamoja na dosari zake zote, angalau ulikiri kwamba mistari ya kuanzia ni tofauti.

Jambo la pili ni thamani. Shilingi 10,000 ilipopangwa wakati wa MMEM ilikuwa sawa na dola 10 hivi za Marekani. Leo haifiki dola 5. Daftari halikushuka bei.

Nani anaamua mwalimu aende shule gani?

Wengi, na ndiyo shida. Kibali cha ajira kinatoka Utumishi, mshahara unatoka Hazina, maendeleo ya utumishi na nidhamu yako Tume ya Utumishi wa Walimu, kumpangia halmashauri ni TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kumpangia shule ndani ya halmashauri ni mkurugenzi. Wizara ya Elimu, ambayo mzazi huilaumu kwanza, inashughulika na sera, mitaala, mitihani na uthibiti ubora. Haimhamishi mwalimu.

Ajira mpya zilisimama mwaka 2016 kupisha uhakiki wa watumishi hewa, kisha uhakiki wa vyeti ukaondoa wengine 2017. Pengo la miaka ile lilichukua muda mrefu kuzibwa, na liliuma zaidi kule ambako mwalimu akistaafu hakuna mwingine anayeomba kuja.

Ndani ya halmashauri kuna kizuizi kisichosemwa sana. Mkurugenzi akimhamisha mwalimu kutoka shule yenye walimu 25 kwenda yenye 4, anawajibika kumlipa stahili za uhamisho. Fungu hilo halipo, au lipo na tayari kuna madeni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo anayehama ni yule anayehama kwa gharama zake mwenyewe, na huyo siku zote anaelekea mjini. Mwenye mgonjwa, mwenye mume huko, mwenye mjomba ofisini: wote wanaelekea upande mmoja. Hakuna aliyetia saini mpango wa kuinyima shule ya kitongoji walimu, lakini matokeo ni hayo.

Walimu wenyewe waliwahi kutoa dawa. Mgomo wa Chama cha Walimu Tanzania wa 2012 ulikuwa na madai kadhaa ya fedha, moja likiwa posho ya asilimia 30 kwa wanaofundisha mazingira magumu. Mahakama ilisimamisha mgomo, na mjadala wa posho ile ukazimika nao. Kwangu hilo lilikuwa dai lenye maana kuliko yote, kwa sababu linamlipa mwalimu kwa pale alipo.

Mikopo ya nje inasaidia shule zilizoachwa nyuma?

Kwa majengo, ndiyo, tena sana. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, zile trilioni 1.3 za UVIKO-19, ulijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 kwenye shule shikizi za msingi, yaani shule ndogo za karibu na makazi zilizo chini ya shule mama. Miradi ya Benki ya Dunia, SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, ni dola milioni 500 kila mmoja. Shule shikizi ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu zinampunguzia mtoto wa miaka sita mwendo wa kuvuka mto au pori.

Tahadhari ni ileile ya 2006. Darasa jipya lenye vigae na madirisha ya alumini bila mwalimu ni jengo zuri la kupigia picha.

Serikali imefanya nini kuhusu wasichana?

Imefanya mambo yanayopingana. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa, na Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza hadharani kwamba hatarudi. Mwaka uliotangulia sheria ilikuwa imerekebishwa, anayempa mwanafunzi mimba akawa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilizuia mkopo wa elimu wa dola milioni 300, suala hili likiwamo katika sababu. Novemba 2021, chini ya Rais Samia, Waziri Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wanaokatisha masomo, pamoja na waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida.

Kurudi kwa karatasi ni jambo moja. Nani anabaki na mtoto mchanga saa moja asubuhi ni jambo jingine, na jibu huwa ni bibi, kama yupo na ana nguvu.

SEQUIP pia ilipanga kujenga sekondari 26 za sayansi za wasichana, moja kila mkoa. Ni nzuri. Ila msichana anayetembea kilomita nane kwenda shule ya kata anahitaji hosteli katani kwake zaidi ya shule ya mfano makao makuu ya mkoa.

Lugha inaingiaje hapa?

Inaingia kidato cha kwanza, siku ya kwanza, somo la kwanza. Mtoto wa shule ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Baiolojia na Historia vinageuka Kiingereza. Mwenzake wa shule ya mchepuo wa Kiingereza hana cha kugeuza. Sera ya elimu ya 2014 ilielekea kukipa Kiswahili nafasi hadi ngazi za juu. Toleo la 2023 limebakiza Kiingereza sekondari, na mtaala mpya umeanzisha somo la Kiingereza darasa la kwanza. Nani analifundisha kwenye ile shule ya walimu wanne? Tumerudi palepale.

Na shule binafsi?

Serikali iliwahi kufikiria kupanga ada elekezi, ikaachana nalo 2016. Tangu Januari 2023 NECTA haitangazi tena shule na wanafunzi bora kitaifa, kwa hoja kwamba mazingira hayalingani. Nakubaliana nayo nusu. Kulinganisha seminari ya wanafunzi teule na shule ya kata ni dhuluma, lakini orodha zilikuwa pia zinatukumbusha kila mwaka kwamba dhuluma ipo.

Naweza kuishtaki serikali kwa sababu shule yetu haina walimu?

Kwa Katiba pekee, ni vigumu. Ibara ya 11 inaitaka serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa za elimu. Lakini ibara hiyo imo kwenye sehemu ya malengo ya msingi, na Ibara ya 7(2) inasema mahakama haina uwezo wa kuamua kama malengo hayo yametekelezwa.

Zanzibar je?

Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Zanzibar ilitangaza elimu bure Septemba 1964 na ina wizara yake. Elimu ya juu na Baraza la Mitihani ndivyo vya Muungano.

Nimesikia mwaka 2028 kutakuwa na msongamano. Ni nini hicho?

Sera mpya ya elimu, ile ya toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Watoto walioanza darasa la tatu na mtaala mpya Januari 2024 watamalizia darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza Januari 2028.

Halmashauri zenye mapato ya ndani makubwa zitaongeza madarasa. Zenye mapato ya ushuru wa mnada wa ng'ombe zitasubiri Dodoma. Kama serikali kuu inataka kuonyesha jukumu lake jipya, nafasi ni hii, na mwalimu wa kidato cha kwanza wa 2028 anatakiwa kuwa ameajiriwa kabla hata ya darasa lake kupauliwa.

Nahisi shule yetu inapunjwa. Naanzia wapi?

Anza na ubao wa matangazo. Shule inatakiwa kubandika fedha ilizopokea na ilivyozitumia. Haijabandika? Mwombe mjumbe wa kamati ya shule, au wa bodi kama ni sekondari, aliulize kwenye kikao na lirekodiwe kwenye muhtasari. Zidisha mwenyewe idadi ya wanafunzi kwa 6,000, au 12,500 kwa sekondari, ugawe kwa 12, ulinganishe na kilichoingia.

Kisha nenda kwa afisa elimu kata na swali moja la ziada: ikama ya walimu, yaani wanaotakiwa na waliopo, ya shule zote za kata, sio ya kwenu peke yake. Tofauti ikiwa kubwa, mpelekee diwani kabla ya Baraza la Madiwani kujadili bajeti, maana baada ya hapo utaambiwa fungu la uhamisho halipo. Andika barua, weka nakala, gonga muhuri wa kupokelewa.